Shajara ya mradi: kuisoma barua ya Daudi kutoka Aydhab

12 Januari 2025

Naanza shajara hii leo ili nisije nikasahau njia niliyopita. Mwaka mzima nimekuwa nikifungua picha za Geniza ya Kairo usiku, nikizitazama, kisha nikizifunga na kulala. Sasa nimejipa kazi yenye mwanzo na mwisho: nichukue barua moja ya mfanyabiashara iliyoandikwa kwa Kiarabu cha Kiyahudi, yaani Kiarabu kilichovaa herufi za Kiebrania, niisome kwa vifaa vya kidijitali vilivyopo, niihamishie kwenye herufi za Kiarabu, halafu niifasiri kwa Kiswahili. Kila hatua nitaiandika hapa, na makosa yake.

Kwa asiyeijua Geniza: Wayahudi wa Fustat, mji wa kale ambao leo umemezwa na Kairo, hawakutupa karatasi yenye jina la Mungu. Waliiweka katika chumba cha sinagogi la Ben Ezra. Na kwa kuwa hata barua ya kuuza pilipili ilianza kwa kumtaja Mungu, chumba kile kilipokea kila kitu: kurasa za Torati na dua, mikataba ya ndoa, hesabu za duka, orodha za mikate ya sadaka, mazoezi ya watoto waliokuwa wakijifunza herufi. Mwaka 1896 pacha wawili wa Kiskoti, Agnes Lewis na Margaret Gibson, walirudi Cambridge na vipande walivyovinunua safarini Mashariki. Solomon Schechter akatambua ndani yake ukurasa wa Ben Sira kwa Kiebrania, kitabu ambacho kwa karne nyingi kilijulikana kwa tafsiri tu. Hakukaa. Kabla mwaka haujaisha alishafunga safari ya Kairo, na alichokileta Cambridge ni vipande kama 193,000. Vingine vilikuwa vimekwisha kuuzwa huku na huko, hivi leo viko Oxford, New York, St Petersburg na kwingineko. Vyote pamoja vinakadiriwa kufika 400,000.

Barua niliyoichagua ni ya Daudi bin Maimun. Aliiandika yapata mwaka 1170 akiwa Aydhab, bandari ya Bahari ya Shamu ambayo leo ni magofu, akamwandikia kaka yake mkubwa, Musa bin Maimun, mwanafikra na tabibu ambaye Ulaya inamwita Maimonides. Baadaye Daudi alizama katika Bahari ya Hindi, na mali aliyokuwa nayo, yake na ya watu, ikazama naye. Musa alieleza miaka kadhaa baadaye kwamba alilala kitandani karibu mwaka mzima kwa homa na majonzi.

Sikuichagua kwa kuwa haijasomwa. Imesomwa, na Shelomo Dov Goitein aliifasiri kwa Kiingereza katika mkusanyo wake wa barua za wafanyabiashara wa mwaka 1973. Ndiyo maana inafaa. Kompyuta ikinidanganya, nitajua.

19 Januari

Wiki nzima nimehangaika na majina. Kipande kimoja kina majina kama mtoto wa pwani: la nyumbani, la madrasa, la shuleni. Barua yangu iko katika Maktaba ya Chuo Kikuu cha Cambridge na alama yake ni Or.1081 J1, lakini mwandishi mmoja anaweka nafasi hapa, mwingine anaweka nukta pale, wa tatu anatumia namba ya sanduku la zamani. Ukiandika alama kwa namna moja unapata kitu, ukiandika kwa namna nyingine hupati chochote, na unaweza kudhani kipande hakipo.

Kilichoniokoa ni Princeton Geniza Project. Mradi huu ulianza miaka ya 1980, wakati ambapo kuingiza herufi za Kiebrania kwenye kompyuta kulikuwa kazi yenyewe, na leo una kumbukumbu zaidi ya 30,000 za hati za maisha ya kila siku. Walichofanya ni kutenga vitu viwili ambavyo mimi nilikuwa navichanganya: kipande na hati. Kipande ni karatasi iliyo mikononi mwa maktaba. Hati ni kile kilichoandikwa. Barua iliyochanika, nusu ikaenda Cambridge na nusu New York, ni vipande viwili lakini ni hati moja, nayo hupewa namba moja isiyobadilika. Kinyume chake pia kipo: karatasi moja yenye barua upande wa mbele, na nyuma mtu mwingine kabisa ameandika hesabu zake. Hapo una kipande kimoja na hati mbili.

Jambo jingine lililonifurahisha ni kwamba kila usomaji una jina la aliyeusoma. Huu ni wa Goitein, ule wa mtaalamu mwingine, na pengine yote miwili imewekwa kando kwa kando na inatofautiana. Nataka kazi yangu iwe hivyo. Nimeamua kuanzia leo kila neno litabeba rangi ya msomaji wake: bluu la mashine, nyeusi la wataalamu, kijani langu.

Upande wa picha, maktaba nyingi zimekubaliana juu ya utaratibu mmoja uitwao IIIF. Kwa utaratibu huo picha ya Cambridge na picha ya Oxford hufunguka pamoja kwenye dirisha moja bila mtu kuzipakua zote. Unaweza pia kuomba kipembe tu cha picha kwa ukubwa kamili. Kwa mimi ninayenunua bando, hilo si jambo dogo. Badala ya kuvuta faili nzito mara kumi, naomba mistari mitatu ninayoitaka.

2 Februari

Nimeweka eScriptorium kwenye kompyuta yangu. Ni programu huria iliyotengenezwa na watafiti wa Paris, na ndani yake mna Kraken, injini ya kusoma miandiko iliyoandikwa na Benjamin Kiessling. Kraken ilijengwa tangu mwanzo ikijua kwamba kuna watu wanaoandika kutoka kulia kwenda kushoto. Nilishajaribu programu nyingine ambazo hukubali Kiarabu na Kiebrania shingo upande, zinageuza mabano, zinapindua namba. Hii haina tatizo hilo.

Kazi ni ya hatua mbili. Kwanza mashine itambue mistari iko wapi, pili isome kilicho ndani ya kila mstari. Nilidhani hatua ya kwanza ni nyepesi, nikachora mistari 200 kwa mkono kwa siku tatu, kila mmoja chini ya maneno, kama daftari la shule. Matokeo yakawa mabaya kabisa. Mashine ilikuwa inakata vichwa vya herufi na kumeza mikia ya mstari wa chini.

Sababu nimeigundua jana usiku. Herufi za Kilatini husimama juu ya mstari. Herufi za Kiebrania huning'inia chini ya mstari, kama nguo kwenye kamba. Mwandishi wa zamani aliyepiga mistari kwenye karatasi alitundika maneno yake kwenye mstari, hakuyakalisha juu yake. Na eScriptorium ina mahali pa kuchagua hilo, mstari wa chini au mstari wa juu, nami nilipapita bila kupasoma. Mistari yote 200 nimeifuta, na leo nimeanza upya. Ukichora juu, pale vichwa vya lamedi tu, herufi ndefu ya Kiebrania, ndipo panapochomoza, mambo yanakaa sawa.

5 Februari

Umeme ulikatika nikiwa kwenye mstari wa 140. Programu ilikuwa imehifadhi. Alhamdulillah.

16 Februari

Leo ni habari ya kuifundisha mashine.

Nilihitaji mwandiko wa mtu mmoja, mwingi, uliokwisha kusomwa na wataalamu. Chaguo likawa Halfon bin Manasse, karani wa mahakama ya Kiyahudi ya Fustat, ambaye hati zake zinaanzia mwaka 1100 hadi 1138. Mkono wake uko kila mahali katika Geniza: mikataba, hati za ushahidi, barua alizowaandikia watu wasiojua kuandika. Anaandika kwa kasi ya mtu anayelipwa kwa ukurasa, lakini hapotezi umbo. Nilikusanya kurasa 18 zenye picha nzuri na usomaji uliochapishwa, nikaoanisha mstari wa picha na mstari wa maandishi, nikaiacha kompyuta ifanye kazi usiku kucha.

Asubuhi nikaijaribu kwa ukurasa ambao haikuuona. Ilisoma vizuri kuliko nilivyotegemea, ila ilifanya jambo lililonishtua: ilisoma matundu. Pale ambapo karatasi imeliwa na hakuna kitu ila kivuli, mashine iliandika maneno matatu ya Kiarabu safi.

Nilikaa na hilo mpaka mchana. Kosa ni langu. Wataalamu wanapochapisha hati iliyochanika hujaza pengo kwa kukisia, kwa sababu wanaijua lugha ya mikataba kama imamu anavyoijua hutuba, kisha wanayafunga makisio yao kwa mabano ya mraba. Mimi niliondoa mabano ili maandishi yawe safi, nikaacha yaliyomo. Kwa hiyo niliionyesha mashine tundu, nikaiambia: hapa pameandikwa "na wakakubaliana mbele yetu". Ikaniamini. Sasa nimepitia kurasa zote 18 na kufuta kila kilichokuwa ndani ya mabano. Mahali palipochanika pabaki pamechanika. Hii ndiyo sehemu ya mradi ninayoijali kuliko zote, kwa sababu maandishi ya mashine yakishatoka hayana mkwaruzo wala doa. Yanapendeza sawa yakiwa kweli na yakiwa uzushi, na anayeyasoma bila picha hana namna ya kujua.

Kisha kuna alifu na lamu. Kiarabu kinatumia "al-" kila baada ya maneno mawili, kwa hiyo makarani walizoea kuziunganisha alefu na lamedi kuwa umbo moja. Unikodi, utaratibu unaoipa kila herufi namba yake kwenye kompyuta, ina alama maalumu ya muungano huo. Swali: mashine iandike alama hiyo moja, au herufi mbili? Ukiandika alama moja unakuwa mwaminifu kwa karatasi, lakini mtu akitafuta neno kwa herufi mbili hatalipata. Nimechagua herufi mbili, na nimeandika uamuzi huo kwenye faili la maelezo ili atakayekuja baada yangu asikisie.

Herufi zinazochanganywa bado ni zile zile zinazomchanganya mwanafunzi: daleti na reshi, beti na kafu, wawu na yodi na nuni mwandishi anapokuwa na haraka.

2 Machi

Nukta zimenichosha.

Kiebrania kina herufi 22. Kiarabu kina 28. Wayahudi walioandika Kiarabu walilazimika kuzipa herufi kadhaa kazi mbili, na wakaweka nukta juu kutofautisha: kafu bila nukta ni kafu, yenye nukta ni kha, daleti yenye nukta ni dhali, tsade yenye nukta ni dhadi. Gimeli ni balaa, kwa sababu wengine wameipa jimu nukta na kuiacha ghaini wazi, wengine wamefanya kinyume. Na wengi, kwa haraka ya soko, hawakuweka nukta kabisa. Aliyeandikiwa alijua. Neno ghali, neno la kila siku la mfanyabiashara, linaweza kusomeka jali, nawe uliyekuja miaka 900 baadaye ubaki unajiuliza mtu huyu anamjali nani.

Sisi wa pwani jambo hili hatulishangai. Babu zetu waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na be moja ilibeba b, p na mb, msomaji akajaza mwenyewe. Atakayesoma waraka wa namna hiyo lazima awe na lugha kichwani kabla jicho halijafika kwenye karatasi.

Kompyuta haina lugha kichwani, na kibaya zaidi, watu wameichapa nukta ile ile kwa njia nyingi. Katika maandishi niliyokusanya nimekuta nukta ya juu ya Kiebrania yenye namba yake katika Unikodi, nukta ya juu ya matumizi ya jumla yenye namba nyingine, gereshi ya Kiebrania (kialama kidogo kama mkato wa juu), na kuna waliotumia alama ya kawaida ya kukatiza. Kwenye skrini zinafanana. Kwa mashine ni vitu vinne tofauti, na nilikuwa naifundisha kwamba kha ina sura nne. Nimeandika programu fupi inayozigeuza zote kuwa aina moja kabla ya mafunzo. Baada ya hapo modeli, yaani mashine iliyokwisha kufundishwa, imetulia sana kwenye kafu na gimeli.

Kando kidogo. Kuna wanaofanya kazi na vitu vigumu zaidi. Mwaka 1970 wachimbuaji walikuta katika sinagogi la kale la En-Gedi, karibu na Bahari ya Chumvi, gombo lililoungua likawa kipande cha mkaa. Ukiligusa linavunjika. Miaka 45 baadaye kikundi cha Brent Seales kutoka Kentucky kilitumia picha za eksirei zilizopigwa tabaka kwa tabaka, kikalikunjua gombo ndani ya kompyuta bila mtu kuligusa, na ikaonekana ni mwanzo wa Mambo ya Walawi. Nikichoka na nukta zangu nakumbuka mkaa ule.

15 Machi

Ramadhani imefika katikati. Baada ya tarawehe nilimpigia Ami, Lamu.

Ami hajui Kiebrania, lakini Kiarabu anakijua na barua za kale za watu wa kwetu amezisoma tangu utotoni. Nilikuwa nimekamilisha programu ya kuhamisha herufi: inachukua herufi za Kiebrania na kutoa za Kiarabu. Sehemu kubwa ni nyepesi, herufi kwa herufi. Ugumu uko mwishoni mwa maneno, kwani he ya mwisho inaweza kuwa te marbuta, ile te ya mwisho wa neno la kike, au kiambishi cha "yake", na hamza mara nyingi haipo. Panapokuwa na shaka programu inaweka alama nyekundu badala ya kuchagua. Nikamtumia Ami picha ya maandishi yaliyotoka, ya moja ya kurasa za mafunzo, bila kumwambia ni nini.

"Shikamoo Ami. Umeiona niliyokutumia?"

"Marahaba, mwanangu. Nimeiona. Hii ni barua ya masharifu gani?"

Alikuwa amefika pale penye "atala Allahu bakaa mawlaya wa adama izzahu", Mungu arefushe maisha ya bwana wangu na adumishe utukufu wake. Akanisomea kwa sauti ile ya kusoma kasida. Akaniambia mwandishi ni mtu wa adabu, na kwamba zamani barua ikianza hivi ujue mbele kuna deni. Kweli, mistari sita chini yake kulikuwa na deni.

Nilipomweleza kwamba aliyeandika ni Myahudi wa Misri, zama za Mafatimi waliotawala Misri, na kwamba herufi za asili ni za Kiebrania, alinyamaza kwa muda. Kisha akauliza: "Na chombo kilifika?"

Tulikaa kwenye simu mpaka karibu na daku. Tulichokuwa tukifanya ni kutaja maneno: markab, merikebu. Hisab, hesabu. Wakil, wakili. Tajir, tajiri. Rizq, riziki. Safar, safari. Hata bishmakh rahmana, maneno ya Kiaramu yanayofungua barua nyingi, "kwa jina lako, ewe Mwenye rehema", Ami aliyashika nusu bila kufasiriwa. Naandika hapa ili nisije nikasomwa vibaya: sisemi Geniza ina Kiswahili. Maneno haya yalitufikia kwa Kiarabu, mengine Kiarabu chenyewe kiliyapata kwa Waajemi, na sote tumeyapokea kwa bahari moja. Lakini kwa msomaji wa Kiswahili barua hizi hazina ugeni anaoutarajia anapoziona katika herufi zake za asili.

Mfano ni nahodha. Katika barua za biashara ya India anatajwa sana, na mmoja wao ni Mahruz, nahodha Myahudi wa Aden. Ila tahadhari: huko nakhuda mara nyingi ni mwenye chombo, au mtu aliyesimamia mali ya chombo, si lazima awe ndiye anayeshika usukani. Nilikuwa nimefasiri "nahodha" tu kila mahali. Ami akasema andika "mwenye chombo" pale anapouza nafasi ya mizigo. Nimerekebisha, kwa kijani.

5 Aprili

Idd imepita, nimerudi kazini. Modeli ya Halfon nimeiweka mbele ya barua ya Daudi kwa mara ya kwanza. Imeshindwa. Haikushindwa kidogo, imeshindwa kama mtu aliyesoma chapa tu halafu akapewa mwandiko wa daktari. Halfon alikuwa karani, Daudi alikuwa mfanyabiashara aliye njiani. Wamepishana kizazi kimoja pia.

Njia rahisi ingekuwa kuchukua nusu ya barua ya Daudi, kuifundisha mashine kwa nusu hiyo, kisha kujisifu kwamba imesoma nusu ya pili. Sitaki. Nataka ijifunze kwa watu wengine wa zama zake. Kwa hiyo nimekuwa nikitafuta miandiko ya wafanyabiashara wa karne ya 12 inayofanana na wake, na hapo nimeingia kwenye mradi wa Friedberg.

Mradi huo ulikusanya picha za Geniza kutoka maktaba za dunia nzima, na upande wake wa kompyuta uliongozwa na Yaacov Choueka, ambaye mwenyewe alizaliwa Kairo. Pamoja na Lior Wolf na Nachum Dershowitz wa Tel Aviv walitengeneza kifaa cha kutafuta vipande vilivyotengana. Mbinu waliiazima kwenye kazi ya kutambua nyuso. Kila ukurasa hupimwa: umbo la herufi, urefu wa mstari, nafasi kati ya mistari, ukubwa wa pambizo. Vipimo hivyo huwa mlolongo wa namba, na kurasa zenye namba zilizokaribiana huletwa mbele ya mtaalamu. Mashine haisemi "hivi ni vya kitabu kimoja". Inasema "tazama hivi". Mtu ndiye anayeamua. Kwa njia hiyo vipande vilivyokaa mbalimbali zaidi ya miaka mia vimekutana tena kwenye skrini.

Nimepata kurasa 11 za mikono mitano. Picha za kurasa mbili ni za nyeusi na nyeupe zilizotolewa kwenye filamu ya zamani, na maktaba inayozimiliki haijanijibu ombi la picha mpya. Nimeziacha nje. Kwenye picha ya namna hiyo doa la maji na nukta ya kha havitofautiki.

27 Aprili

Kwa mikono sita modeli inasoma barua ya Daudi kiasi cha kufuatilika. Inakosea bado kila mstari, lakini ni makosa ya jirani, si ya mgeni. Sasa nasoma nikiwa na usomaji wa wataalamu upande wa pili, na rangi zangu tatu.

Somo la wiki hii ni mpangilio wa mistari. Waandishi wa Geniza hawakuacha karatasi bure. Ukurasa ukijaa waliugeuza, wakaendelea kwenye pambizo kwa mistari ya mshazari, kisha pambizo ya juu, wakati mwingine kichwa chini miguu juu, halafu nyuma. Mashine inaona mistari mizuri kila mahali na kuipanga kutoka juu kwenda chini. Matokeo yake salamu za mwisho huingia katikati ya bei ya bidhaa. Katika kurasa za mafunzo nilikuwa na barua ambapo mtu alionekana kumsalimia nili, ile rangi ya buluu ya kutilia nguo, na kupima shangazi yake kwa ratili. Kila ukanda wa maandishi lazima uchorwe kuwa eneo lake na upewe namba kwa mkono. Sijaona njia ya kukwepa, na kwa kweli sitaki kuikwepa, maana ni hapo ninapolazimika kuelewa mtu aliizungusha vipi karatasi mkononi.

Sasa Daudi mwenyewe. Anamweleza kaka yake kwamba kutoka Qus, mji wa Misri, waliingia jangwani peke yao, wametengana na msafara. Ilikuwa ni kosa, naye anakiri. Wakafika Aydhab salama na mizigo yao yote. Walipokuwa wakishusha vitu langoni ndipo msafara ulipotokea: watu wameporwa, wamejeruhiwa, wengine wamekufa kwa kiu. Halafu akakuta bandari haina bidhaa, hakuna cha kununua ila nili. Basi, akiwa ameshavuka jangwa lile, akaamua kupanda chombo aende India.

Neno nili mashine ililipata mara ya kwanza, bila msaada. Niliinuka kwenye kiti.

Kisha anamwomba Musa asihuzunike. Aliyemwokoa jangwani atamwokoa baharini. Anamwomba awatulize "mdogo" na dada wa huyo "mdogo", asiwatie hofu, kwani kulilia lililokwisha kutokea ni dua ya bure. Maneno hayo ya mwisho ni ya Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za Kiyahudi, anayachomeka katikati ya Kiarabu chake jinsi sisi tunavyochomeka aya. Goitein anamwelewa "mdogo" kuwa ni mke wa Daudi. Anaandika huku msafara wa haraka ukijiandaa kuondoka, na nimeanza kuona haraka hiyo katika umbo la wawu zake, ingawa hapo najua fika kwamba huenda ni mimi ninayetaka kuiona.

Siku mbili sikuendelea. Kazi yote ya nukta na mistari ilinifanya nisahau kuwa najua mwisho wa safari yake.

11 Mei

Hali ilivyo: usomaji wa mashine uko kamili, na nimeusahihisha dhidi ya wataalamu hadi mwisho wa upande wa mbele. Herufi za Kiarabu ziko tayari kwa sehemu hiyo, zikiwa na alama nyekundu 31 za shaka. Ami amezimaliza 19. Tafsiri ya Kiswahili imefika pale wanaposhusha mizigo langoni.

Mawili yamebaki magumu. Moja ni neno ambalo mashine, wataalamu na mimi tumelisoma kwa namna tatu. Nimeyaacha yote matatu, kila moja na rangi yake. La pili ni namna ya kumwita Musa. Kwa Kiarabu Daudi anamnyenyekea, kwa Kiswahili "bwana wangu" inamweka mbali mno, na "kaka" peke yake inaiondoa heshima yote. Nilimuuliza Ami. Alisema atafikiri, akaniuliza tena kama nimeshafika kwenye ile sehemu ya bahari.

Bado, Ami. Wiki ijayo, upande wa nyuma.